Digidigi Hanywi Maji

Nimeokota mavi ya digidigi kwa miaka ishirini na mbili, na kwa kazi hiyo nimesomesha watoto watatu. Cheka kwanza umalize, halafu tuongee. Wanangu walipokuwa shule walikuwa wakiulizwa mama anafanya kazi gani, wanajibu, "Yuko mambo ya mazingira," wanaishia hapo. Sikuwalaumu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia kwenye kazi hii sasa. Mnakuja kunitembelea hapa Handeni, mnaniamkia vizuri, shikamoo bibi, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba swali limeshatoka: "Bibi, enzi zenu mlikuwa mnatumia mashine gani?" Mashine! Tulikuwa na macho, mkasi, na mifuko ya kaki. Mashine ilikuwa maabara huko Arusha, na kabla kitu hakijafika Arusha kilikuwa kimeshapitia mikono ya watu kumi, tisa kati yao hawajui wamebeba nini.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mnyama wa porini anakula, anapumua na kulala mahali pake. Kama mahali pale pana sumu, sumu inaingia mwilini: inakaa kwenye figo, inakaa kwenye manyoya, nyingine inatoka na kinyesi. Ukimpima mnyama, umepima mahali. Huko Ulaya wanafanya hivyo kwa kulungu wao wa msituni. Mradi wetu ukataka tufanye hivyo huku kwetu, maana wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wameingia kwenye mapori ya Handeni na zebaki yao, na watu wameanza kuuliza maswali.

Mradi ulishakufa zamani, sina haja ya kuutaja. Ulikuwa na ofisi ya vyumba viwili Korogwe mjini na mkubwa wetu ambaye nitamwita Bosi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Siku ya kwanza alitugawia mwongozo uliotafsiriwa kutoka huko huko Ulaya, na maelekezo ya kwanza yalisema: kusanyeni pembe zilizodondoka.

Ngoja niwaeleze wasiojua. Kulungu wa Ulaya huangusha pembe zake kila mwaka akaota nyingine. Kwa hiyo kila pembe ni kama daftari la mwaka mmoja. Ukiisaga na kuipima unajua mwaka ule hewa ilikuwaje. Jambo zuri sana. Lakini swala wetu, paa wetu, digidigi wetu, hawaangushi pembe. Pembe aliyoota ndiyo atakayozikwa nayo. Nilinyoosha mkono nikalisema hilo mbele ya wote.

"Mama Kibwana," Bosi akanijibu kwa upole, "mwongozo umeandikwa na wataalamu."

Wiki tatu! Wiki tatu watu wazima wanne tulipita kwenye miiba tukitafuta kitu ambacho Mungu hakukiumba. Tulirudi na pembe moja, ya mbuzi, nadhani aliliwa Idi. Bosi aliipokea kwa mikono miwili, akaiandikia namba, akaiweka kabatini. Hadi mradi unafungwa ilikuwa bado mle.

Aliyetutoa kwenye ujinga huo ni Mzee Mhina. Alikuwa mlinzi wa wanyamapori tangu ujana wake, Mzigua wa huku huku, na mradi ulimchukua atuonyeshe njia. Hakuwa msemaji. Ukikosea alikuwa anakohoa kidogo, basi. Siku tuliyorudi na pembe ya mbuzi alikohoa njia nzima.

"Mwacheni kulungu wa watu," akasema hatimaye. "Chukueni digidigi. Digidigi haendi matembezi."

Akatueleza. Digidigi, yule mnyama mdogo asiyezidi sungura sana kwa kimo, anaishi na mwenzake mmoja katika kipande kidogo cha pori, na hapo ndipo penye maisha yao yote. Mpaka wao wanaulinda. Wana choo, mahali pamoja wanaporudi kila siku, mpaka kinakuwa kichuguu. Na pembeni, kwenye ncha za vijiti, wanapaka utomvu mweusi unaotoka chini ya jicho, kama mtu aliyefuta wanja. Ukikuta wanja huo na kichuguu hicho, umefika nyumbani kwa watu. Swala anaweza kula hapa leo na kesho yuko mbali, hujui sumu kaitoa wapi. Digidigi hawezi kukudanganya.

Mimi ndiye niliyejidanganya, na mwezi wa kwanza tu. Nilijaza mifuko minane, nikaipanga mezani nikiwa na fahari yangu. Mzee Mhina akachukua punje moja, akaipasua kwa kucha, akanusa, akakohoa.

"Huyu ni mwanambuzi, mwanangu."

"Yote?"

"Yote minane."

Jifunzeni kwangu: mavi ya mwanambuzi na ya digidigi yanafanana kwa macho ya mtu mwenye haraka. Usiokote kilichotapakaa njiani. Okota kilicho kwenye kichuguu chenye wanja karibu, na okota kibichi tu, kinachong'aa bado.

Hapo mwanzo tulitaka figo pia, za wanyama waliogongwa na pikipiki au waliokamatwa kwenye mitego haramu. Figo zinahitaji barafu. Ofisi haikuwa na friji, kwa hiyo niliomba kwa Bibi Shirin, mama wa Kihindi mwenye duka karibu na stendi ya Korogwe, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju. Alikubali kwa sharti moja: mzigo wangu ukae chini kabisa, umefungwa magazeti, na nisimwambie kilichomo. "Nikijua nitashindwa kula," alisema. Mwanamke mwenye busara kuliko ofisi nzima.

Mzigo wa kwanza wa figo ulipanda basi la Arusha ukiwa na barafu safi. Pale Mombo, abiria waliposhuka kununua chakula, konda aliona soda zake zimepata joto. Akafungua boksi langu, akatoa barafu yote, akapooza soda. Mzigo ulifika Arusha ukinuka hata maabara wakagoma kuufungua. Nilipomkuta yule konda wiki iliyofuata na kumgombeza, alinitazama kwa huruma. "Mama, si nyama tu? Ungeniambia ningekununulia nyingine hapo hapo."

Tangu siku hiyo tukabaki na manyoya na kinyesi kilichokaushwa. Manyoya hayaozi, hayahitaji barafu, na konda hana la kufanya nayo. Mnase digidigi kwa wavu, na ukimaliza umwachie. Kata karibu na ngozi, mahali pale pale kwa kila mnyama, mgongoni kati ya mabega. Tia kwenye mfuko wa karatasi, siyo nailoni, maana nailoni inatoa jasho.

Na lebo andikeni kwa penseli. Hili nalo nililipia. Mwaka wa pili tulikuwa tumeshaweka kituo kwenye kitongoji kimoja kilicho jirani na machimbo. Sikitaji jina, watu wake bado wapo. Nilikuwa nikifikia kwa mama mmoja anaitwa Mama Zaina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, ambaye baraza lake lilitazama barabara. Hapo ndipo nilipopanga mifuko yangu na kuandika lebo, na yeye ananiletea chai. Siku moja alipokuwa akinimiminia, mkono ulimcheza, chai ikamwagikia lebo za wiki nzima. Wino ukakimbia wote.

"Mama Zaina!" nilipiga kelele. "Hebu shika birika kama mtu mzima!"

"Nisamehe, dada," akasema, anafuta kwa kanga. "Siku hizi mikono haina adabu."

Nilinuna mpaka jioni. Nikanunua penseli.

Majibu kutoka Arusha yalikuja baada ya mvua. Tulikuwa na digidigi wa sehemu mbili: wa karibu na machimbo, na wa mbali, upande wa wafugaji, ambako hakuna aliyewahi kuchimba kitu. Hilo lilikuwa wazo la Mzee Mhina, Mungu amrehemu, maana mwaka huo alifariki. Alisema huwezi kujua mtu ana homa kama hujamgusa asiye na homa. Manyoya ya digidigi wa upande wa wafugaji yalikuwa safi. Ya digidigi wa machimboni yalikuwa na zebaki nyingi, hata yule mtaalamu wa maabara alipiga simu kuuliza kama hatukuyamwagia wenyewe.

Nilikimbia na karatasi mpaka kwa Bosi. Naye alikuwa na karatasi yake. Ofisi ilikuwa imepima maji ya kisima na ya kijito pale kitongojini, mara moja kila mwaka kwa miaka miwili, na yote yalikuwa salama.

"Sumu ya mgodi husafiri kwa maji," akasema. "Maji ni masafi. Kwa hiyo wanyama wako wamekosea."

Nilimwuliza mnyama anakoseaje. Akasema labda tulichanganya mifuko, kwani si iliwahi kumwagikiwa chai? Nikakunja karatasi yangu. Faili likafungwa.

Vijana, hasira nzuri ni ile inayokurudisha porini. Nilirudi pale kitongojini bila kutumwa, nikakaa kwenye kichuguu cha digidigi nikikitazama kama mtu anayemdai mwenzake maelezo. Nadhani nilikuwa naongea peke yangu, maana Mzee Lemburis, mfugaji wa upande wa pili ambaye alituruhusu kupima kwenye malisho yake, alipita na ng'ombe wake akasimama.

"Mama, unagombana na nani?"

"Na digidigi. Maji ni safi, yeye ana sumu. Sijui anakunywa wapi."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Nimechunga hapa tangu utoto. Swala nimewaona kisimani, nyani nimewaona, hata nyuki. Digidigi sijamwona hata siku moja ameinamisha kichwa kwenye maji. Yule hanywi maji, mama. Anakunywa majani. Anakula jani likiwa na umande, basi, ameshamaliza."

Miaka miwili. Miaka miwili tumepima maji kwa ajili ya mnyama asiyekunywa maji! Na msifikiri Mzee Mhina hakulijua hilo. Alilijua tangu hajaota ndevu. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu sisi ndio tuliosoma.

Basi kama siyo maji ni majani, na majani hayaendi kokote, kitu kinayafuata pale yalipo. Nikasimama. Ilikuwa mchana, upepo unatoka mashariki kama kawaida yake huku kwetu, na ndani ya upepo huo nikasikia harufu ya mkaa. Nikaanza kutembea kuukabili, kichaka kwa kichaka, nikichuma majani ninapopita. Sikutembea sana. Nilitokea kwenye uzio wa miti, nikaupita, nikajikuta nimesimama uani kwa mtu.

Ulikuwa ua wa Mama Zaina. Miaka miwili nilikuwa nikikaa barazani kwake, upande wa barabara, na sikuwahi kuzunguka nyuma hata mara moja.

Alikuwa ameinamia jiko la mkaa, mtoto wake mchanga amembeba mgongoni, na juu ya jiko pana kikaango kidogo. Ndani ya kikaango mna kidonge cheupe kama fedha kinachofuka. Aliinua uso akatabasamu.

"Karibu, dada! Leo umepita mlango wa jikoni."

"Mama Zaina, hiyo ni nini?"

"Si dhahabu ya watu. Wakishaikamata na zebaki wananiletea niwachomee. Zebaki inaondoka na moshi, inabaki njano. Wanasema mimi nina mkono mzuri, sipotezi hata chembe."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu hujaanza kuja."

Nilitazama mkono wake mzuri. Ulikuwa unatetemeka, kijiko alichoshika kinagonga ukingo wa kikaango, tik tik tik. Nikamwuliza mambo ambayo ningemwuliza digidigi kama angekuwa na mdomo. Ndiyo, fizi zinamtoka damu. Ndiyo, anasikia ladha ya chuma mdomoni, hata ugali hauna utamu. Ndiyo, anasahau, juzi alisahau jina la shangazi yake. Alidhani ni uzazi.

Nilimwambia aondoke pale na mtoto, mara moja. Nilisema vibaya, kwa sauti kubwa, kama siku ile ya chai. Naye akakasirika.

"Kwa hiyo niache? Baba Zaina yuko wapi anilishe? Wewe unakuja na mifuko yako ya mavi, unaondoka na basi. Mimi nakaa."

Tulizozana mpaka mtoto akaanza kulia. Ni kilio kile kilichomshinda, siyo maneno yangu. Akamwaga mkaa mchangani, akakaa chini, akasema, "Haya, nipeleke unakotaka kunipeleka."

Daktari aliwapima wote wawili, akamwambia dawa ya kwanza ni kuacha kukaa kwenye moshi ule, na bila hiyo nyingine zote ni kazi bure. Lakini kuacha kwake tu hakungetosha. Wachimbaji wangepeleka vidonge vyao kwa mwanamke mwingine mwenye ua mwingine. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Nikapeleka karatasi zangu za Arusha, nikaeleza kuhusu majani na manyoya na umande. Wachimbaji walinisikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la redio ya jirani.

"Sasa mama," mmoja akasema, "tusimamishe kazi kwa sababu digidigi hajisikii vizuri?"

Watu wakacheka. Mama Zaina alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Akasimama, akapita katikati yao wote mpaka mbele, akanyoosha mikono yake miwili, viganja chini. Mikono ilikuwa inatetemeka mbele yao, vidole vyote kumi, na kila mwanaume aliyekuwa pale alikuwa amewahi kumletea kidonge cha kuchoma. Kicheko kikaisha. Yule aliyeuliza swali akavua kofia, akabaki anaitazama tu ile kofia.

Wakakubaliana uchomaji uondoke majumbani, uende ng'ambo ya korongo ambako upepo hauleti moshi kwa watu, na wachomee kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linaloirudisha zebaki kwenye bakuli la maji badala ya kuiachia hewani. Msidhani mambo yalinyooka. Wapo waliosema chungu kile kinakula dhahabu. Wapo wanaochoma kwenye vibanda vyao hadi leo, nawajua, na wananiamkia. Nimechoka kuwagombeza, ila siachi.

Mama Zaina alipata nafuu kidogo kidogo. Akaanza kupika vitumbua barabarani. Ladha ya chuma ilimtoka, fizi zikapona, mikono ikatulia, ingawa kutunga uzi kwenye sindano anamwachia Zaina. Mtoto alichelewa kutembea, tukawa tunamtazama kila siku, na siku aliyotembea mama yake alinipigia simu.

Bosi naye aliandika ripoti. Alifungua faili bila aibu yoyote, akaandika kwamba mradi umethibitisha digidigi ni kipimo bora cha hewa chafu. Ilikuwa na picha za rangi. Mama Zaina alisikia habari zake akaniomba nimpelekee, na nikamsomea pale nyumbani kwake, yeye anakanda unga wa mchele. Digidigi walikuwa kila ukurasa: chakula chao, choo chao, ndoa yao. Kuhusu watu palikuwa na mstari mmoja: wakazi walishirikishwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono.

"Dada, hao digidigi mliwakata manyoya miaka miwili."

"Ndiyo."

"Mkayapeleka mpaka Arusha kwa basi."

"Ndiyo."

"Na mimi sina nywele?"

Nimejibu maswali ya mabosi, ya wazungu, ya wanafunzi wa chuo. Lile lilikuwa gumu kuliko yote. Nilimwambia ukweli tu, kwamba nilikuwa nakaa kwake na sikumwangalia.

Akapangusa mikono. Kisha akafungua kitambaa cha kichwani, akageuka, akaniinamishia kichwa.

"Haya, kata. Na zangu ziende."

Nikakata, karibu na ngozi, nikatia kwenye mfuko wa karatasi. Lebo zetu zilikuwa zimeshachapwa, na mstari wa kwanza wa kujaza ulisema: aina ya mnyama. Nikaandika: mtu.